Mzee Jabali wa Swima, Ambaye Hakuzaliwa

Feza mwanangu,

Barua huanza na salamu, lakini salamu nimpe nani? Uko hapa hapa Baraka. Umeenda kuaga wenzako wa korali, na nyimbo zenu nazisikia mpaka hapa nilipokaa. Kuna mmoja kati yenu anaimba kama mbuzi aliyefungiwa nje. Namuomba Mungu asiwe wewe.

Mambo ya sabuni, chandarua na wavulana wa Bukavu, shangazi yako amekwisha kuyasema, tena kwa sauti kubwa, hata mimi niliyekuwa napita tu nimeamua kuachana na wavulana wa Bukavu. Mashauri ya aina hiyo sina. Mimi nataka tuongee juu ya yule mzee, kabla mashua ya kesho haijakupeleka Uvira na gari kukupandisha milimani. Unamjua. Mzee Jabali wa Swima.

Tangu siku uliyofika vakansi hatukulitaja tena jina lake, lakini kila siku tulikula naye bugali. Wewe unaangalia sahani, mimi naangalia sahani, na yeye amekaa katikati yetu, kwenye kiti cha marehemu mama yako, na mvi zake nyeupe. Nimechoka kumlisha.

Nianze na upande wangu, maana hukuniuliza na mimi sikusema.

Siku ile ya simu nilikuwa mbele ya nyumba na wavu wa mtu magotini, naushona. Ulikuwa hujanipigia tangu muda mrefu. Sikulaumu. Mwanafunzi ana mambo mengi, na mimi nina wavu. Lakini nyumba ikiwa na mtu mmoja, Feza, hata kijiko kikianguka unakishukuru kwa kukusemesha. Basi simu ikalia, nikaona ni wewe, nikashika kwa mikono miwili.

"Alo, Feza!"

Na wewe, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani:

"Jambo, Mzee Jabali. Njo mimi, Feza. Niko hapa na mwalimu yetu, anapenda kukusalimia."

Mimi nikajiambia: eh, mtoto ananiita mchezoni! Tangu mama yako alale, hakuna mtu aliyenitania. Watu wananipa pole, wananipa ndizi, lakini kunitania hapana. Nilifurahi mpaka sindano ya wavu ikanichoma na sikusikia. Nikakohoa kidogo kama mzee wa siku nyingi.

"Njo mimi mwenyewe, Jabali. Babu ya babu yangu njo alichimbaka hii ziwa."

Nikasikia watu wengi wanacheka nyuma yako. Unajua kicheko kwangu ni kama petroli. Kisha ikaingia sauti ya mama mmoja, ya upole sana, juu ya dagaa wetu.

"Jambo, mzee. Feza aliandika kama ulimuelezea namna munakaushaka ndakala. Niko na ulizo moja tu. Wakati ya mvua munafanyaka namna gani?"

"Wakati ya mvua, madamu, tunabatundikaka ku kamba na masikio."

"Ndakala iko na masikio?"

"Ya Baraka hapana. Ya Swima iko nayo. Njo maana inasikiaka mvua mbele yetu."

Darasa likalipuka. Yule mama akasema, "Asante, mzee," na simu ikakatika. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikaenda ufukoni, nikawahadithia wote: Feza ananipigia simu kutoka univerisite kwa kucheza tu na baba yake, na nyinyi watoto wenu wanapiga wakitaka vitu! Siku zile nilitembea kama mtu aliyechaguliwa kuwa mubunge.

Halafu ukaja. Nilikungoja ufukoni na masikio ya ndakala tayari mdomoni, nikakuambia, "Karibu, mjukuu wa Jabali!" Ukaweka begi chini.

"Papa, ile siku ilikuwa ya kweli."

"Ya kweli namna gani?"

"Madamu alitaka kuongea na mzee mwenye niliandika mu TP, ile kazi yake. Mzee hakukuwaka. Mashine ya mu simu, yenye kujibuka maulizo, njo ilimuandika." Kisha ukasema lile neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni: "Nilizania utasikia mu sauti yangu kama niko mu shida."

Sikusikia, Feza. Nilisikia jina langu la mchezo. Mtu mwenye njaa hasikii kitu kingine, anasikia sufuria tu.

Sasa nimekwisha kuelewa habari yote, kwa kuokota kipande leo na kipande kesho, maana wewe siku hizi maneno unayatoa kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja kimoja. Mwalimu aliwaambia muende kwa mzee mmoja wa kwenu, mumuulize namna watu wanavyohifadhi chakula, muandike alivyosema. Mashine hakukataza. Alisema muitumie mukitaka, lakini mwishoni muandike mumeiuliza nini, mumechukua nini, na kila mliloandika muwe tayari kulisimamia kwa miguu yenu. Wewe ukaiomba mashine ikupe mzee. Ikakupa. Ndiyo maana ukapata sifuri, na sasa umepewa mlango mmoja: urudi na mzee wa kweli, usimame mbele ya madamu, akuulize. Ukianguka, unarudia mwaka, na shangazi yako anayekulipia ameapa kwa Biblia na kwa kiatu chake kwamba mwaka mmoja halipi mara mbili. Yaani utarudi hapa kukaa na mimi. Na mimi, nikwambie ukweli, kuna asubuhi niliamka nikaona hilo si jambo baya. Nikajitukana. Lakini niliona.

TP yako niliisoma. Uliiacha mezani, na Kifaransa changu si kingi, lakini kinatosha kumtambua mjinga. Mzee gani yule! Anaongea polepole, kila neno lake methali. Hakohoi. Haombi tumbaku. Hana goti linalouma, hana deni, hana mke wa kumwambia anyamaze. Amekaa anaangalia ziwa na kusema samaki ni zawadi ya wahenga. Mimi nimevua kati ya hapa na Ubwari tangu ndevu hazijaota, na sijapewa samaki na muhenga hata mmoja. Nilipewa baridi na mgongo huu. Kisha anasema wanawake wa Swima wanaokota chumvi ufukoni na kuitia samaki. Chumvi! Kwenye ziwa tunalokunywa maji yake! Mama yako alizaliwa Swima. Kama angaliijua hiyo chumvi, leo tungekuwa na nyumba ya ghorofa na mimi ningekuwa nakutukana kutoka juu.

Na jina lenyewe. Jabali. Nenda Swima nzima, gonga kila mlango, uulize Jabali. Watakupa maji ya kunywa na kukuonea huruma.

Nilicheka nilipokuwa nasoma. Halafu nikaona kitu kingine, nikaacha. Nilimwonea wivu. Mtoto wangu alikuwa anatafuta mzee wa kumuuliza habari za ndakala. Mimi ni mzee. Ndakala nawajua. Nilikuwa hapa, umbali wa simu moja, nangoja nipigiwe. Na wewe ukaenda kumuuliza mtu asiye na mama aliyemzaa.

Usikimbilie kukasirika. Sababu naijua, na sababu ni mimi.

Ulikuwa mdogo, umeanza shule juzi tu. Tulikuwa tumesimama pale chini, ukanyoosha kidole kwenye ile milima ya Ubwari ng'ambo ya maji, ukaniuliza ni nini. Baba wa watu angesema: ni Ubwari, watu wanaishi kule, wanavua kama sisi. Mimi nikasema, "Ile ni mugongo ya mamba. Ililala zamani sana. Siku ya Mungu inageukaka kidogo, angalia muzuri." Ukaangalia Jumapili tatu, sijui nne, bila kupepesa macho. Kisha mwalimu akauliza darasani nani anajua kitu juu ya Ubwari, na mtoto wangu, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akanyoosha.

Ulirudi nyumbani hukulia. Ulisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Papa, ile ya mamba ilikuwa bongo, ya uongo."

Nilicheka. Mama yako hakucheka. Alinitazama kwa namna ile ya kumtazama mbwa aliyelamba sahani ya mgeni. Na tangu siku ile, ukiwa na swali, ulinipita pale nilipokaa na kwenda jikoni kwake. Mimi nikajiambia, vizuri, kazi imepungua. Ilinichukua miaka, na kifo kimoja, kuelewa kwamba jikoni hakuna mtu tena na bado unanipita.

Basi darasa limekucheka mara mbili, na mara mbili maneno yalikuwa yangu. Mara ya kwanza uliniamini, ukaaibika. Mara ya pili hukuniamini, na bado nikakuaibisha. Hicho ni kipaji.

Lakini hata mimi niliwahi kukodi kinywa cha mwingine. Nilipomtaka mama yako, shule nilikuwa nimeiacha katikati. Mwalimu alisema akili ninazo nyingi ila zote zimekaa upande wa mchezo. Nikamwendea rafiki yangu mmoja aliyesoma, akaniandikia barua ya Kifaransa. Nzuri! Ilisema moyo wangu ni mweupe kama theluji inayoanguka usiku. Mama yako akatafuta wa kumsomea, akasikiliza mpaka mwisho, akanijia ufukoni mbele ya wanaume wote.

"Theluji uliona wapi?"

"Sikuona."

"Sasa weye uliona nini?"

Nikatafuta theluji nyingine, sikuipata. Nikasema nililokuwa nalo: "Niliona weye unapepeta ndakala, muchanga ikakuingia mu macho, ukatukana neno moja mubaya sana."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Njo ungeandika ile," akasema.

Sikwambii hivi ili uitupe ile mashine ziwani. Nimekuona nayo. Juzi ulikuwa na kile kitabu cha Kifaransa kinachosomeka kama kutafuna mawe, ukaiuliza neno moja, ikakueleza, ukauliza tena kwa namna nyingine, ikaeleza tena bila kuchoka wala kukuita mjinga. Nikaona uso wako unafunguka. Mimi sikuwahi kukufungulia uso namna hiyo. Kisha ukafunga simu, ukachukua kalamu, ukaandika mwenyewe, ukafuta, ukaandika. Ile nilipenda. Nilijifanya nashona, lakini niliona.

Na unakumbuka nilikuomba niiulize na mimi? Nikasema, iulize baba yako, mshona nyavu wa Baraka, ni mtu wa namna gani. Nilingoja ikusomee sifa zangu. Ikajibu haina habari za mtu huyo. Ulicheka kidogo, mara ya kwanza vakansi yote. Mimi sikucheka, nilikuwa naona haya. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu kwamba sijui. Mgeni akiniuliza njia ya kijiji nisichokijua, namwelekeza, tena namtajia na mti wa kukata kona. Wengine sijui kama walifika.

Lakini angalia hapa. Siku hiyo mashine ilisema haijui. Siku ile nyingine ilizaa mzee mzima na meno yake. Na sauti ni ileile! Haikohoi inapodanganya. Mimi nikidanganya, mama yako alikuwa anaangalia pembe ya mdomo wangu, anajua. Hii haina pembe ya mdomo. Kwa hiyo lazima utoke nje wewe mwenyewe ukaangalie kama chumvi iko ufukoni. Simu moja tu kwa mtu aliye ufukoni, na Jabali angekufa akiwa kichanga.

Nilingoja vakansi yote uniulize. Sasa nakiri. Nilikuwa nakaa karibu na wewe nikishona polepole ili wavu usiishe. Siku moja ulifungua mdomo, nikaona swali linakuja, na mimi, kwa woga, nikatania juu ya nywele zako. Ukafunga mdomo. Kesho unaondoka, karatasi yako bado nyeupe, nimeiona, na madamu anangoja na swali lake lile lile.

Basi hukuniuliza, mimi najibu. Andika kwamba umeambiwa na baba yako, mtu wa Baraka, mwongo anayejulikana, lakini siku hii alikuwa amekaa sawa.

Ndakala tunamvua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa tunalala, maana taa yetu haina kazi mbele ya ule mwanga. Alfajiri tunafika, wanawake wamekwisha kuja na mabeseni. Wanamwaga samaki juu ya mchanga, wanawatawanya kwa mkono wasilaliane, jua likipanda wanawageuza. Jua zuri, jioni wamekauka. Mama yako alichukua mmoja, akamkunja, akivunjika, tayari, akipinda, bado. Wa mchanga wanalia menoni, ndiyo maana wengine siku hizi wanaanika juu ya meza za wavu wa chuma, na wanauza vizuri zaidi. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, simama nayo mbele ya mtu yeyote.

Sasa swali la mvua.

Sijui.

Nimeandika hilo neno na nimeliangalia muda mrefu. Sijui, Feza. Sisi wanaume tukishafika nchi kavu tunalala. Nilikuwa nalala. Katika usingizi nilisikia fagio la mama yako linapita juu ya mchanga, likikusanya samaki, haraka haraka, na kila mara, nikisikia fagio, jua lilikuwa bado kali. Halafu kimya. Halafu ndiyo tone la kwanza juu ya bati. Mvua haikuwahi kumharibia samaki, yeye, na wenzake walipoteza samaki wa kulisha bata. Alijuaje? Aliwapeleka wapi, moshini au kitandani petu? Nilipoamka niliuliza kitu kimoja tu: "Chakula iko wapi?" Alikuwa hapa, kwenye mkeka huu huu, miaka yote ile, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kumchekesha.

Kuna mtu mmoja anayejua. Mama Speransi, yule mkimbizi wa Burundi. Alipofika hapa hakujua kitu kingine ila shamba, na mama yako ndiye aliyemfundisha mchanga. Walianika pamoja, mmoja huku mmoja huku, mpaka mwisho. Mimi siwezi kumwendea. Nilimcheka Kiswahili chake mbele ya watu, zamani, na tangu hapo ananisalimia kama mtu anayefunga dirisha. Lakini wewe atakuambia. Alfajiri yuko pale chini, kabla mashua haijajaa watu. Msaidie kutawanya, usikae tu kumuuliza kama polisi. Akikubali, washa simu ichukue sauti yake. Ukifika Bukavu na Kifaransa kikikuchapa, mwambie mashine ikusaidie, na uandike kwamba ilikusaidia. Ila jina liwe lake, na kicheko chake, na pale atakaposema hajui, uandike hajui.

Korali imenyamaza, unakuja. Nitaikunja hii niiweke ndani ya kiatu chako, usije ukaisoma mbele yangu tukaanza kutazama sahani.

Ukitoka kwa Mama Speransi, pita hapa, hata kama unakimbia, hata kama wanakuita mashuani. Sitatania. Sema tu alivyosema, neno kwa neno, juu ya mvua. Nilikaa na mama yako maisha yangu yote, na ningependa kujua.

Mimi baba yako